Ukurasa wa Sabini na Moja

Bibi Signe Åhlund alikaa siku mbili bila chakula kwa sababu jina lake linaanza na herufi yenye kiduara juu. Siku ya tatu alipanda kigoda kutafuta kopo la maharage kwenye kabati la juu, kigoda kikateleza. Jirani aliyekuja kuuliza kwa nini redio inapiga kelele tangu asubuhi alimkuta sakafuni, nyonga imevunjika, akili zake timamu, na hasira tele. Alikuwa na miaka themanini na tisa.

"Nimewasubiri watu wa chakula," alimwambia jirani. "Waulize nimewakosea nini."

Hakuwa peke yake. Wazee kumi na saba wa Åsmyra hawakuletewa chakula wiki ile, na wote majina yao yalikuwa na moja ya zile herufi tatu za mwisho za alfabeti yetu, Å, Ä na Ö. Dereva wa chakula alikuwa mgeni kazini. Alifuata orodha aliyopewa, na orodha ilitoka kwenye kompyuta za manispaa, ambako waliitunza kwa programu moja ya bure iitwayo Ladan. Toleo jipya la Ladan, kila lilipokutana na herufi hizo, liliweka alama ya kuuliza mahali pake. Programu ya kuchapa orodha ya dereva ilipoona majina yasiyosomeka, ikayaruka.

Ijumaa gazeti la mji likaandika. Krister Öman, mkuu wa kompyuta wa manispaa, alinukuliwa hivi: "Tumeponzwa na programu ya mtu asiye na ujuzi, anayeitengeneza jikoni kwake. Tumemwandikia mara nyingi. Hakujali." Gazeti halikutaja jina la mtu huyo, na halikuwa na haja. Åsmyra ina watu elfu tano, na wote walijua kwamba anayetengeneza Ladan ni Sixten Wallgren wa ghala la mabomba.

Jumamosi asubuhi mkewe, Ylva, alilisoma gazeti akiwa amesimama, kisha akalisukuma upande wa pili wa meza.

"Hukujali?" aliuliza. "Wewe ndiye hukujali?"

Sixten alisoma polepole. Alikuwa mtu mrefu, mpole kupita kiasi, mwenye tabia ya kuomba radhi hata anapokanyagwa. Kwa miaka kumi na miwili, kila akitoka ghalani, aliketi kuitengeneza Ladan na kuigawa bure. Ni programu ya kufungulia kanzidata, zile hifadhi kubwa za majina na tarakimu ambazo ofisi huweka ndani ya kompyuta: unaona kilichomo, unasahihisha, unafuta. Mtu yeyote aliweza kuichukua, kuangalia ndani ilivyoundwa, na kuibadilisha atakavyo. Maelfu waliichukua. Wachache walisema asante. Wengine walimkumbuka ilipoharibika.

"Kasoro ni yangu," alisema. "Nilibadilisha namna ya kuhifadhi herufi, nikakosea. Hilo hawajanisingizia."

"Mimi nimeuliza la kutojali."

"Niliwatangazia watu wote warudi kwenye toleo la zamani. Na Öman nilimwandikia yeye binafsi."

"Lini?"

"Februari."

"Leo Machi ishirini na tatu. Kwa hiyo alijua."

Sixten aligeuza kikombe chake cha kahawa mpaka mkono wa kikombe ukaelekea dirishani. "Ylva, kuna mtu amelazwa hospitalini. Nikienda gazetini kusema mimi niliwaonya, nitaonekana mtu wa namna gani?"

"Mtu mwenye ulimi."

"Kasoro nimeshaiondoa. Tangu juzi Alhamisi. Nimechukua wiki nzima bila mshahara kwa ajili hiyo. Basi."

"Nionyeshe barua zake."

"Hapana. Barua za mtu ni za mtu."

Alisema hivyo bila kumtazama, akainuka kuosha kikombe ambacho bado kilikuwa na kahawa nusu. Ylva alimwona mgongo. Shati lilikuwa limemlegea mabegani. Alijaribu kukumbuka lini mara ya mwisho amemwona akimaliza sahani ya chakula, hakukumbuka.

Ylva alikuwa mpishi katika shule ya msingi, mwajiriwa wa manispaa ileile. Alhamisi iliyofuata ilikuwa siku ya supu ya njegere za manjano na chapati nyembamba za maziwa, kama Alhamisi zote. Alikuwa amekwisha kufunga aproni na kushika upawa wakati Gun-Britt, msimamizi wa jikoni, alipomgusa kiwiko.

"Leo kaa nyuma, kwenye vyombo," alisema Gun-Britt. "Ni kwa muda tu. Kuna wazazi wawili wamepiga simu."

"Wamesema nini?"

"Mambo ya kijinga. Wanauliza kama chakula cha watoto nacho kinapangwa na programu ya mumeo."

"Ukawajibu?"

"Nikasema nitalishughulikia." Gun-Britt aliona haya, akaanza kupanga vijiko ambavyo vilikuwa vimepangwa. "Nimelishughulikia. Usinikasirikie, Ylva. Mimi nami nina wakubwa."

Ylva aliosha sahani mia mbili na arobaini. Hakulia. Kilichokuwa kifuani mwake hakikuwa kilio.

Jioni, dukani, alikuwa kwenye foleni ya malipo alipomsikia Krister Öman nyuma yake. Öman alikuwa mtu nadhifu wa miaka hamsini na kitu, anayevaa koti zuri na kuongea kama mtu anayetaka meza ya jirani nayo isikie.

"Ylva, mzee hajambo? Bado anacheza na kompyuta?"

"Kasoro ameiondoa."

"Baada ya mtu kuvunjika. Mimi nikifanya hivyo kazini kwangu nafukuzwa. Yeye nani atamfukuza? Kazi yenyewe hata hakuajiriwa." Alichungulia kikapu chake. "Ongeza na biskuti, umpelekee Signe. Kaeni naye vizuri."

Watu wawili kwenye foleni walicheka, si kwa ubaya, bali kwa ile haraka ya watu wasiotaka kuwa wa kutaniwa. Mwenye duka alitazama mashine yake. Ylva alilipa na kutoka, na nje akagundua kwamba ameacha maziwa. Hakurudi kuyachukua.

Öman hakuwa mtu mbaya tangu kuzaliwa, na tuseme haki yake. Miaka mitatu nyuma aliambiwa apunguze matumizi, akaondoa programu ya kulipia na kuweka ya bure, na wakubwa wakamsifu. Januari alilijaribu toleo jipya kwenye orodha ya wafanyakazi. Kesho yake kibao kipya kilichapwa kwa ajili ya mlango wake, kimeandikwa "?man". Wenzake wakacheka mpaka wakashika matumbo. Mmoja akaibandika alama hiyo kwenye kikombe chake cha kahawa, mwingine akawa anamwamkia, "Habari za asubuhi, Bwana Kuuliza." Öman alicheka pamoja nao, akaingia ofisini, akafunga mlango, akamwandikia Sixten Wallgren barua ya kwanza.

Huku kwetu, barua ya ofisi ya umma ni mali ya umma. Mtu yeyote anaweza kwenda dirishani na kuomba kuisoma, na aliyeko dirishani haruhusiwi kuuliza wewe ni nani wala unaitakia nini. Ylva alilijua hilo kama tunavyolijua sote, ila hakuwahi kulitumia. Jumatatu, wakati wa mapumziko yake, alikwenda masjala ya manispaa akiwa bado ana harufu ya vitunguu.

Karani wa masjala aliitwa Maj-Lis Forsell. Walikuwa wamesoma pamoja.

"Nataka barua zote," alisema Ylva, "ambazo mkuu wa kompyuta ameandikiana na mtengenezaji wa Ladan. Kuanzia Januari mosi mpaka leo."

Maj-Lis aliandika bila kuinua kichwa. "Zilizotumwa na zilizopokelewa?"

"Zote."

"Siruhusiwi kuuliza sababu."

"Najua."

"Basi siulizi." Akaweka kalamu chini. "Njoo Alhamisi."

Alhamisi kulikuwa na bahasha nene. Kurasa tisini na nne, kila moja na muhuri wa manispaa. Kwa kuchapa alidaiwa kroni mia mbili kumi na nane, na Ylva alizilipa bila kusita, ingawa mshahara wa Sixten mwezi ule ulikuwa umekatwa wiki nzima. Maj-Lis alimpa risiti, na bahasha akaishikilia kidogo.

"Zipo chache nilifikiria kuzifunika kwa wino," alisema kwa sauti ya chini. "Nikamuuliza mwanasheria, akasema hakuna kifungu cha sheria kinachoruhusu. Usizisome ukiwa umesimama."

Ylva alizisoma ndani ya gari, nyuma ya shule, injini ikiunguruma kwa ajili ya joto. Öman alikuwa ameandika mara sitini na moja katika wiki saba. Alimwita Sixten takataka, kilema wa kichwa, mpanga masinki. Alimwandikia asubuhi, mchana, na siku za Jumapili. Mara nne alisema amepiga simu ghalani na kuzungumza na mkubwa wake, "ili ajue amemweka mtu wa aina gani." Majibu ya Sixten yalikuwa mafupi na yenye adabu, na kila moja lilianza na neno samahani. La Februari tatu lilikuwepo, wazi kabisa: usitumie toleo jipya kwa orodha za majina ya watu, rudi kwenye la zamani, maelekezo haya hapa. Na jibu la Öman lilikuwa chini yake.

Kisha akafika ukurasa wa sabini na moja. Sixten aliuandika Machi kumi na moja.

"Nakuomba usipige tena simu kazini kwangu," aliandika. "Juzi niliegesha gari kwenye barabara ya msituni nikalia kwa saa nzima. Niliwaza mambo ambayo sijamwambia mke wangu, na sitaki ayajue. Nimekwenda kwa daktari. Kasoro nitaiondoa, niamini. Naomba wiki mbili tu za utulivu."

Jibu lilikuja baada ya dakika saba. "Lia ukishamaliza kurekebisha."

Ylva alizima injini. Alikaa mpaka kioo cha mbele kikafunikwa na mvuke wa pumzi zake. Kengele ya shule ililia, watoto wakapita mbio, mmoja akagonga bati la gari kwa mchezo. Machi tisa, alihesabu, ilikuwa Jumamosi. Sixten alisema anakwenda kuangalia bei ya mbao. Alirudi bila mbao, akasema zimepanda bei, na Ylva akamwambia afadhali hakununua.

Alianza kulia, akajikatiza. Alichukua kalamu kwenye mkoba, akarudi ukurasa wa kwanza, na kuanza kuweka alama pembeni mwa sentensi zitakazochukua muda mfupi kusomwa.

Baraza la manispaa lilikutana Jumatatu ya mwisho wa Aprili, saa tisa alasiri. Suala la wazee kumi na saba lilikuwa kwenye ajenda, hivyo Öman aliketi safu ya mbele pamoja na wakuu wengine, tayari kujibu. Kabla ya ajenda, mwananchi yeyote hupewa dakika tatu kuuliza swali. Ylva alikuwa amefanya mazoezi jikoni shuleni akitumia ile saa ndogo ya kupimia mayai, mpaka Gun-Britt akauliza nani anachemsha mayai kila siku.

Sixten alikuwa ghalani. Hakumwambia.

"Dakika tatu," alisema mwenyekiti, Torgny Lidman, mtu mnene mwenye subira nyingi. "Na nakukumbusha, humu hatuzungumzii watumishi kwa majina."

"Sitataja jina la mtu," alisema Ylva. "Nina barua za manispaa kwa mwananchi mmoja. Nitasoma kidogo, kisha nitauliza." Alivaa miwani. "Februari tatu, asubuhi. 'Rekebisha takataka yako.' Februari nne. 'Umekufa au umezimia? Nasubiri.' Februari tisa. 'Kuna watu wamezaliwa wapange masinki. Baki hukohuko.'"

Mtu alicheka nyuma, kisha akaacha. Hakuna aliyegeuka kumtazama Öman, na kule kutogeuka kulikuwa kubaya kuliko kugeuka.

"Februari kumi na nane. 'Nimeongea na bosi wako. Anasema hata mabomba unayahesabu vibaya.' Machi mbili. 'Mkeo anajua ameolewa na kilema wa kichwa?'" Hapo Ylva aliinua macho. "Hilo naweza kulijibu mwenyewe, lakini muda hautoshi."

"Nakuomba," alisema mwenyekiti, "hizi ni barua za binafsi."

"Zina muhuri wenu, mwenyekiti. Nimezilipia dirishani kwenu. Kama barua za manispaa haziwezi kusomwa ndani ya manispaa, niambie nikazisomee wapi."

Lidman alimtazama katibu. Katibu akainua mabega. Lidman akamwashiria Ylva aendelee.

"Sasa nirudi Februari tatu, mchana. Huyu ni mwananchi anaandika. 'Usilitumie toleo hili kwa orodha za majina ya watu. Litaharibu herufi. Rudi kwenye la zamani, maelekezo haya hapa, mimi nitakusaidia.' Na manispaa inajibu. 'Mimi siamriwi na mpanga masinki.'"

Diwani mmoja wa safu ya tatu alisimama. Baba yake alikuwa miongoni mwa wale kumi na saba, na alikula mkate mkavu siku mbili bila kumwambia mtu. "Tarehe ngapi hiyo?" aliuliza.

"Tatu Februari."

"Rudia alivyoandika. Yule mwananchi."

Ylva alirudia, neno kwa neno. Mwandishi wa gazeti aliandika mbio. Zilikuwa zimebaki sekunde arobaini. Alikuwa amepanga kuishia hapo na kuuliza swali lake. Ukurasa wa sabini na moja ulikuwa chini ya karatasi nyingine. Aliuleta ili usibaki nyumbani mahali Sixten angeweza kuukuta, basi. Alikuwa amejiapiza kwamba hautafunguliwa.

Ndipo akamwona Öman ameinamia jirani yake, anamnong'oneza, na ametabasamu. Ukweli ni kwamba Öman alikuwa anaomba maji. Kinywa kilimkauka mpaka midomo ikanata kwenye meno. Lakini kutoka pale kwenye kipaza sauti lilikuwa tabasamu, na Ylva aliliona kama alivyoliona dukani.

Akautoa ukurasa, akausoma wote. Barabara ya msituni, saa nzima ya kulia, daktari, mambo ambayo mke hapaswi kuyajua. Aliusoma kwa sauti ileile aliyotumia kuwaita watoto waje kuchukua supu. Kisha akasoma jibu, na dakika saba za katikati.

"Swali langu," alisema. "Aliyeandika hayo bado mnamlipa?"

Mwanamke mmoja karibu na mlango alianza kupiga makofi, na wengine wakafuata, mpaka hata madiwani wawili wakapiga. Öman alikuwa ameinamisha kichwa. Juu ya ukosi wa koti lake shingo ilikuwa nyekundu hadi masikioni. Ylva aliitazama shingo hiyo kwa muda mrefu zaidi ya ilivyohitajika, na ilimshibisha kama chakula.

Alimfuata mpaka kwenye maegesho ya magari. Theluji chafu ya mwisho ilikuwa imerundikwa pembeni, inayeyuka.

"Umeridhika?" aliuliza Öman. Sauti yake ilikuwa imepungua.

"Bado."

"Unataka nini tena? Nina watoto, Ylva. Wamesikia. Kikao kinarushwa."

"Nataka kesho uende dukani," alisema. "Saa kumi na moja, kukiwa na foleni. Basi."

Alifungua mlango wa gari lake, na mkono ukamganda kwenye kitasa. Kikao kinarushwa. Vikao vyote hurushwa kwenye tovuti ya manispaa, na ghalani huweka sauti ya vikao hivyo wakati wa kufunga mizigo.

Sixten alikuwa ameketi jikoni na buti zake za kazini, matope yanamchurizika sakafuni, yeye ambaye kila siku huzivua barazani.

"Nimesikia," alisema.

"Sixten, alikuwa anacheka. Nilimwona anacheka."

"Bertil wa ghalani aliongeza sauti. Hakujua kwamba ni mimi. Alipojua akaizima, wote wakawa wananitazama."

"Sasa kila mtu anajua ulimwonya."

"Ungeweza kuishia hapo."

Sixten aliinuka, akafuta matope kwa kitambaa, taratibu, hadi kigae cha mwisho. Kisha akachukua begi dogo na kwenda kwa kaka yake, mwendo wa saa mbili kaskazini. Hakupiga kelele. Mlango aliufunga kwa mkono, ili usibamize.

Wiki ile Ylva alipata yote aliyoyataka. Gazeti lilichapa barua kurasa mbili nzima. Öman aliondolewa ukuu na kupelekwa chumba cha chini, kuhesabu kompyuta chakavu. Watumiaji wa Ladan kutoka nchi ambazo Ylva hakuweza kuzitaja walimwandikia Öman matusi, mia mbili siku ya kwanza pekee, na Maj-Lis alisema anwani yake imebidi ifungwe. Gun-Britt alimrudishia upawa. Mwenye duka alimwongezea mkate wa mdalasini, hataki alipe. Ylva alisoma habari za Öman mara tatu kwa siku, na kila mara zilimpa joto, na kila mara joto lilipoa haraka zaidi.

Jumamosi alikwenda hospitalini na maua. Bibi Signe alikuwa ameketi kwenye kiti, mguu umenyooshwa.

"Nilikuona kwenye simu ya muuguzi," alisema. "Umesoma vizuri. Yule mwanamume alinikera tangu alipokuwa mtoto." Alinusa maua, akayaweka mapajani. "Ile ya kulia garini. Mwenyewe alikuruhusu?"

"Hapana."

Bibi Signe alikubali kwa kichwa na kuomba ampe maji. Kisha wakaongea habari za hali ya hewa.

Sixten alirudi Jumapili ya pili, mchana. Ylva alikuwa anamenya viazi. Aliweka begi chini, akabaki amesimama karibu na mlango kama mgeni aliyekosea nyumba.

"Umekonda," alisema Ylva.

"Kaka yangu hajui kupika." Alivua kofia. "Nimekuwa naenda kazini kutoka kule. Juzi Bertil alinipokonya sanduku la viungio vya mabomba mkononi. Sanduku la kilo nane. Akaniambia pumzika, kaka. Bosi naye ananiuliza hali yangu huku ameinamisha kichwa hivi, kama anaongea na mtoto. Waliponisema vibaya nilikuwa nabeba masanduku yangu mwenyewe."

"Öman alistahili."

"Alistahili."

"Alikuandikia ulie. Baada ya dakika saba."

"Najua alichoandika, Ylva, niliandikiwa mimi. Nilikaa nacho. Nilikuwa nimeanza kukizoea." Alivuta kiti, akaketi. "Na daktari alinisaidia. Hilo hukulisoma, kwa sababu sikumwandikia yeye. Ningekuambia mwenyewe, siku moja. Nilikuwa natafuta namna."

Ylva aliweka kisu chini. "Nilipousoma garini nilitaka kumwua. Sikuwa na kitu kingine cha kumpiga nacho."

"Ulikuwa nacho. Ulikuwa na Februari tatu."

Maji yalianza kuchemka. Sixten alimtazama kwa yale macho yake ya upole, ambayo sasa yalikuwa yanataka kujua jambo.

"Ungerudishwa pale leo," alisema, "ungeusoma?"

Angeweza kudanganya. Uongo ulikuwa pale mdomoni, mwepesi, na ungewapatia chakula cha jioni cha amani. Lakini aliikumbuka ile shingo nyekundu, makofi yaliyoanzia mlangoni, na akajua vizuri kwamba Februari tatu ingempatia Öman karipio tu, na kwamba ukurasa wa sabini na moja ndio uliommaliza.

"Ningeusoma," alisema.

Sixten alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyepewa hesabu aliyoitarajia. "Asante kwa kusema kweli." Akatundika koti lake msumarini, akabeba begi hadi chumbani, akavua buti. Walikula viazi na samaki. Alimaliza sahani.

Baadaye alikaa kwenye meza yake, akaanza kujibu barua. Zilikuwa nyingi mno. Kuna mtu alikuwa amepoteza orodha ya wagonjwa, mwingine hakuweza kufungua kabisa, mwingine alimwita mpumbavu. Aliwajibu mmoja mmoja, kwa adabu, kila jibu likianza na samahani. Ylva alimletea kahawa. Aliposikia hatua zake, Sixten aliteremsha mfuniko wa kompyuta, akaweka mkono juu yake, akapokea kikombe na kushukuru. Miaka kumi na miwili alikuwa ameiacha kompyuta wazi mbele ya Ylva, hata hakujali mkewe anasoma nini. Ylva alirudi jikoni, na alipofika mlangoni akausikia mfuniko ukiinuliwa tena.